Mechi Nne za Sabuni

Gihundwe, tarehe 4 Desemba

Kaka Ganza,

Kabla sijakusalimu, niruhusu niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu ujasiri utaniisha. Kompyuta ya Papa imekufa. Imekufa kabisa, tangu mwezi wa nane. Na Papa bado anaicheza kila siku.

Sasa nakusalimu, kaka yangu. Hujambo huko Kigali? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimepona? Sisi tupo. Maman anavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila asubuhi na nyanya zake, akirudi miguu imevimba, lakini hasemi. Mimi nilimaliza sekondari mwezi wa saba kama unavyojua, na alama zangu hazikutosha. Niko nyumbani. Papa anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini ninaandika kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu ni moja, ya Maman, na yeye husoma kila kitu. Kukupigia siwezi, kwa kuwa tangu macho ya Papa yafunge, masikio yake yanasikia hadi kijiko kikianguka kwa jirani. Ndiyo maana nampa rafiki yangu Joselyne barua hii akuletee kwa mkono, anapanda basi kesho.

Ulipoondoka, Papa alikuwa bado anaona kivuli cha dirisha. Mwezi wa pili mwaka huu na hicho kivuli kiliondoka. Hospitalini walituambia tusijisumbue kurudi. Akafunga karakana ya redio, akakaa akiuelekea ukuta, na chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Maman alimwita mchungaji, mchungaji akaomba, Papa akasema amina, akaendelea kuutazama ukuta asiouona.

Siku moja, bila kufikiri sana, niliiunganisha ile kompyuta yake ya zamani kwenye televisheni, ile aliyoibeba kichwani kutoka Bukavu wakati familia ilipohama. Nikatia kaseti. Unakumbuka ule mlio wake wakati mchezo unaingia, kama mbuzi anayekataa kamba? Papa aligeuza kichwa. Akasema, "Iache ipike." Nikamwekea maneti mkononi, kile kishikio cha kuchezea, na mimi nikashika ya pili.

Tukacheza Sabuni. Nimekua nikidhani hilo ndilo jina lake halisi. Juzi tu nilimuuliza Papa, akacheka, akasema jina lake limeandikwa kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakuisoma, na kwamba wale wanaume wanacheza juu ya barafu. Lakini wakati ule Bukavu nani alikuwa ameona barafu ya kukimbilia? Yeye na wenzake waliona watu wanateleza huku wanakimbizana na fimbo, wakasema hawa wamemwagiwa sabuni.

Unajua mchezo ule ulivyo na mbio. Mpira unagonga ukuta huu, unagonga ule, hujapepesa jicho umeshafungwa. Lakini Papa ameucheza tangu ujana wake. Timu yake ikipiga inatoa sauti nzito, ya kwangu nyembamba, na goli lina honi yake. Alicheza kwa masikio. Sitakudanganya, nilimwachia kidogo, lakini kidogo tu. Siku ile alinishinda manne kwa matatu, akaniambia, "We mutoto, nenda ukalie kwa mama yako," kisha akaomba ugali. Maman alisimama mlangoni na sahani tupu, akalia badala yangu.

Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi. Papa akawa ananyoa ndevu kabla ya mechi. Aliwaambia wateja wake wa zamani wanaopita kumsalimu kwamba macho ni ya kuangalia tu, mikono ndiyo muntu. Maman akatoa ushuhuda kanisani, kwamba Mungu amechukua taa lakini ameacha mikono.

Mwezi wa saba kompyuta ilianza kupata joto kama pasi. Nikawaza nikurekodie mechi chache umsikie Papa akishinda. Simu niliiegemeza kwenye televisheni, karibu na dirisha. Unanijua, sisemi, na Papa akicheza anang'ata ulimi mpaka mwisho. Kwa hiyo ndani ya rekodi hamna sauti ya mtu, ni mchezo mtupu, tangu kaseti inapolia hadi filimbi ya mwisho. Nilirekodi mechi nne. Ya kwanza alinishinda sita kwa manne. Ya pili matatu kwa mawili. Ya tatu tisa kwa moja, siku ile nilikuwa na homa. Ya nne nilimshinda mimi, matano kwa mawili.

Sikuwahi kukutumia. Wiki tatu baadaye umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na mimi nilikuwa nimeiacha imechomekwa, ingawa Papa ametufundisha tangu utoto kuchomoa. Nilinusa harufu. Niliifungua Papa akiwa amelala mchana, nikaona ndani kumekuwa kweusi. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaipeleka kwa Habineza, yule anayetengeneza simu pale Kamembe. Alicheka. Akaniambia kitu kama kile hakitengenezwi, kinazikwa, na kwamba Kamembe nzima mtu wa kuijua mashine ile ni mmoja tu, naye ni baba yangu.

Nilirudi nimeikumbatia. Ilikuwa karibu saa kumi. Papa alikuwa ameshanyoa, amekaa mbele ya televisheni, mkono wazi kwenye paja, akingoja maneti.

Basi nilitia kadi ya simu, ile yenye rekodi, kwenye kile kispika kidogo cha Maman cha nyimbo, nikakificha nyuma ya televisheni. Nikamwekea Papa maneti, waya umening'inia hauendi popote, nikawasha mechi ya kwanza. Nilijisemea, leo tu. Alishinda sita kwa manne.

Kaka, ni miezi minne sasa. Kadi nzima nimeikariri, najua kila mpira unapogonga. Nazungusha zile tatu anazoshinda. Ya nne sijawahi kuiwasha.

Mwezi wa kumi ilibaki kidogo nishikwe. Katikati ya mechi ya pili kuna jogoo anawika, jogoo wa jirani Maman Véronique, yule mwenye sauti ya kukwaruza. Sikuwa nimefikiri. Jogoo huyo alichinjwa mwezi wa tisa, siku ya harusi ya binti yake Gracia, na Papa alikula paja lake. Papa aliinua kichwa, akasema, "Kumbe tulikula bure, yule amefufuka." Nikamwambia wamenunua mwingine. Akasema, "Mwenye kikohozi kilekile?" Akaendelea kucheza, nami nikafurahi kwamba yamepita.

Sasa nifike kwenye jana. Ulituandikia kwamba unakuja Noeli, unaleta maneti mpya, na kwamba Papa ajiandae. Maman alimsomea kwa sauti. Papa alitabasamu, na saa kumi akaniita kama kawaida. Niliwasha mechi ya kwanza. Kwenye goli la pili aliweka maneti chini, taratibu, kwenye mkeka. Akaweka mikono juu ya magoti. Mpira ukaendelea, tok, tok, sauti nzito, honi, sauti nzito, honi. Alisikiliza mpaka filimbi. Akaniuliza, "Nimeshinda?" Nikasema ndiyo, Papa. Akasema, "Ni vizuri. Ata nikikufa, nitaendelea kushinda."

Mtu aliyekuwa anatambua redio mbovu kwa kuisikiliza mara moja, angekosaje kuitambua mechi aliyoisikia mara arobaini? Sijui amejua tangu lini. Labda tangu jogoo. Labda tangu siku ya kwanza, kwa uzito wa ule waya.

Na leo saa kumi ameniita tena. "Umurerwa, washa." Amenyoa. Ameshika maneti, amesukuma kushoto na kulia, ameng'ata ulimi, akashinda tisa kwa moja, akaniambia nikalie kwa mama. Nadhani sasa anacheza kwa ajili yangu, kwa kuwa mimi sina pa kwenda. Sahani yake imerudi jikoni kama ilivyokwenda.

Usilete maneti. Ukifika, kaa mahali pangu, shika hii ya zamani na umwache akushinde. Mechi nitaichagua mimi. Goli la kwanza linachelewa, usishtuke.

Msalimie mke wako na mtoto. Mungu awalinde njiani. Na barua hii ichome, kaka. Maman asijue kamwe, yeye bado anamshukuru Mungu kwa ile mikono. Na Papa asijue kwamba nimejua. Nakuomba sana, ikae kwako tu.

Mdogo wako,
Umurerwa