Mama Mkwe, Kuku na Malkia Wetu

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta.

Bado sijajuta kumchukua Malkia, hilo halijabadilika. Naogopa tu.

Malkia amelala miguuni pangu, sikio moja juu. Ni mbwa jike, mkubwa, wa aina ya wale wa kuchunga kondoo. Kyalo, mume wangu (bado napenda kuliandika hilo neno, mume!), aliniambia nichague zawadi ya harusi. Wenzangu huchagua kochi. Mimi nilisema mbwa, na tukaenda tumeshikana mikono hadi kwenye makao ya mbwa waliotupwa. Malkia aliegemea goti la Kyalo akagoma kutoka. Nilimwelewa kabisa.

Dada wa pale alituonya. Ana nguvu nyingi, atembezwe kila siku. Na anawalinda watu wake, kwa hivyo mgeni akutane naye nje kwanza, watembee kidogo, ndipo aingie. Alitupatia mwezi mmoja wa kujaribu. Tukishindwa, tumrudishe.

Nilitingisha kichwa tu. Nilikuwa namwangalia Kyalo akicheka.

Jana mama mkwe alikuja kutoka Kianda, mara yake ya kwanza kwetu Kawangware tangu harusi. Alibeba kuku hai kwapani, zawadi ya nyumba mpya. Kwa furaha nilifungua geti wazi nikamkumbatia papo hapo.

Malkia akaja mbio. Hakuuma, hata hakubweka. Alijipenyeza katikati yetu, akamsukuma mama kwa kifua, kuku akaponyoka. Kufumba na kufumbua, mama na kuku walikuwa kwenye kona ya mfereji, na Malkia ameketi mbele yao akihema, ameridhika na kazi yake.

"Kyalo! Nimekuja kwa mwanangu ama nimeshikwa na polisi?"

Kyalo akacheka. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Mama aliondoka bila kunywa chai. Chai ya maziwa matupu, na tangawizi! Akiwa getini aligeuka: "Wewe msichana, siku huyo mbwa atatoka, ndiyo mimi nitaingia."

Msichana.

Nililia. Kyalo ananiambia mamake atatulia, lakini leo kanisani yeye mwenyewe alitazama simu yake kila mara, na haikulia. Nikimrudisha Malkia, anaadhibiwa kwa kosa langu. Nikibaki naye, je, nimemnyang'anya mama mtoto wake?

Mchana nimempigia Mama simu mwenyewe. Nimemwambia ukweli: nilionywa nisimwingize mgeni hivyo, nikasahau.

Akauliza: "Kuku amekula?"

"Amekula, Mama. Malkia anamchunga."

"Aka! Amchunge kuku, asinichunge mimi."

Nikamwomba tuje Kianda, akutane na Malkia barabarani, tutembee pamoja kidogo tu. Akasema miguu yake haina kazi ya kutembeza mbwa.

Lakini hakukata simu.

Mama, najua husomi haya. Nayaandika ili nisirudi nyuma. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi, Kyalo na Malkia. Nitashika kamba mwenyewe. Utatupata nje ya mlango wako, na hatutasogea hadi useme.