Kinyozi Msafi na Chiriku Aliyenyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujanihukumu ujue kwamba mimi ni kinyozi, tena kinyozi msafi, mtaa mzima unajua, saluni yangu ukiingia unaweza kujiangalia sakafuni, mashine nazipiga spiriti kila kichwa kinapoondoka kitini, shuka la kunyolea halimgusi mtu kama halijafuliwa, kwa hiyo nashangaa sana leo mimi ndiye wa kuambiwa na mke wangu kwamba naua ndege kwa uchafu.

Ndege mwenyewe ni chiriku wa binti yangu, alipewa na shangazi yake baada ya kulazwa hospitali muda mrefu, anamwita Filimbi, na kwa kweli ndiye aliyemrudishia mtoto kicheko. Sasa shule zilipofunguliwa nikaona ndege anabaki peke yake nyumbani, nikamchukua nikamtundika saluni, juu ya kioo, na nisikufiche, wateja walimpenda balaa, mtu anakuja kunyoa ndevu tu, anamsikiliza mpaka anaamua anyolewe na kichwa. Usafi wa kizimba nikaubeba mwenyewe. Kila jioni nakipuliza kwa draya, nywele na maganda ya mbegu yanaruka yote, kisha nakipiga spiriti ileile ya mashine, waya kwa waya, ndege akiwa humohumo kwa sababu nikifungua mlango atanitoroka, halafu namwaga poda kidogo chini pakauke, namalizia na marashi ya kupaka baada ya kunyoa ili wateja wasisikie harufu. Kinanukia kuliko mimi mwenyewe!

Lakini Filimbi amenyamaza. Kajikunja kama donge la pamba, anapiga chafya, na akipumua mkia unapanda na kushuka. Mke wangu alipita juzi, akainua kizimba, akakichungulia kwa chini, akasonya. "Baba watoto, huu siyo usafi, haya ni maonyesho." Anataka nimrudishe ndege nyumbani. Binti yangu naye kila nikirudi ananiuliza, "Baba, leo kaimba?" nami namjibu kaimba sana, mwanangu, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mshauri, mweleze mke wangu kwamba chiriku hunyamaza wakizeeka, maana akisikia kwako atatulia. Na unitajie marashi yasiyo makali.

Ni mimi, Kinyozi Msafi.

JIBU

Kinyozi Msafi, pole, na shika adabu yako. Pole kwa sababu unampenda mwanao, hilo nimeliona. Adabu kwa sababu umeniandikia nikusaidie kumdanganya mkeo, na kazi hiyo mimi siifanyi.

Mkeo yuko sahihi, tena amekustahi. Hebu nikuulize, wewe ukifungiwa kabatini, mtu akakupulizia spiriti, akakumwagia poda na kukuwashia upepo wa moto usoni, utaimba wimbo gani? Kifua cha chiriku ni kidogo mno kwa mambo hayo. Na hicho unachokirusha kwa draya ni kinyesi kilichokauka, bwana! Unakigeuza vumbi, anakivuta ndege, unakivuta wewe, anakivuta na mteja aliyekaa hapo mdomo wazi. Alichokiona mkeo chini ya kizimba nakijua bila kufika huko. Trei ya chini inayodaka kinyesi hujawahi kuichomoa. Umesafisha pale tu kioo kinapoonyesha.

Sasa sikiliza. Ndege anayepumua mpaka mkia unatikisika ni mgonjwa, uzee usiusingizie. Leo hii mtoe saluni, mtie kwenye boksi lenye matundu, umfikishe kwa daktari wa mifugo. Mkirudi, akiwa bado kwenye boksi, chomoa hiyo trei. Lowesha uchafu kwa maji ya moto kwanza ili vumbi lisiruke, kisha sugua kwa sabuni ya kawaida ya vyombo, na vijiti anavyosimama usivisahau, miguu yake inashinda hapo. Suuza mpaka povu na harufu viishe, anika juani kikauke kabisa, ndipo arudi ndani. Toka hapo karatasi ya chini ibadilishwe kila siku. Kikombe cha maji kioshwe kila asubuhi, siyo kuongeza maji juu ya maji, na tunda alilobakiza litolewe kabla halijachacha. Brashi ya kizimba isionekane jikoni, na mikono ioshwe. Marashi? Hakuna! Kizimba kisafi hakinukii kitu chochote.

Wateja watazoea. Wawekee redio.

Ila kubwa kuliko yote ni huyo mtoto. Kila jioni anakuuliza swali moja, nawe unampiga changa la macho. Chiriku akifa leo huku binti anaamini jana aliimba, safari nyingine ukimwambia jambo atakuamini vipi? Ametoka hospitali huyo, anajua kuumwa ni nini kuliko unavyodhani. Kwa hiyo kabla ya daktari, kabla ya sabuni, kaa naye chini umwambie, "Haimbi, mwanangu. Anaumwa, na mimi ndiye niliyekosea." Atalia. Mwache alie, usimbembeleze kwa ahadi ya ndege mwingine. Akimaliza, mpe boksi alibebe yeye, mwende kwa daktari pamoja.