Nilimwita Kaka Yangu Kibarua

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu hapa Akheri sina wa kumwambia, kaka yangu mkubwa, nimwite Aminiel, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, anameza dawa na ametulia, na baba alishafariki kwa hiyo posa yangu ilipokuja ni yeye aliyepaswa kuipokea, lakini huku kwetu washenga huulizia kwanza kama ukoo una kichaa, nikaogopa, nikamweka baba mdogo mahali pake na Aminiel nikamtuma akakate majani ya ng'ombe. Akarudi mapema. Mama mkwe, aliyekuja na washenga, akauliza huyu nani, nikasema ni kibarua wetu. Aminiel alisikia, akawaamkia wote, akapitisha mzigo wake bandani. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa kuna watafiti wamemchukua kipande kidogo cha ngozi mkononi, wataikuza maabarani iwe seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa aina yoyote, halafu ziwe seli za ubongo, waone ugonjwa unaanzia wapi, na wanaomba pia ngozi ya ndugu asiyeumwa ili walinganishe. Aminiel akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, wanataka ndugu. Niwaambie ninaye au sina?" Sijamjibu. Naogopa mchumba wangu Gadiel akijua ataniacha, naogopa pia wakikuta na mimi ninao ugonjwa huo, na kumtazama kaka usoni siwezi.

Nisiye na uso, Akheri

Marahaba, mwanangu. Pole, ila hiyo aibu umeitafuta mwenyewe. Mgonjwa anatoa ngozi yake ili watoto wa wenzake waje wasaidike, wewe mzima unamkana mbele ya wageni. Ulifikiri hana masikio?

Kutoa ngozi ni hiari, hata Aminiel hawezi kukulazimisha. Waulize jina lako litatunzwaje na kama unaweza kujitoa baadaye. Wanalinganisha seli tu, hawapigi ramli ya kesho yako. Wala usimpe kaka yako matumaini ya kupona kwa hilo, huo ni utafiti wa miaka mingi na dawa zake aendelee nazo.

Ukaka wake sasa, huo hauna hiari. Leo hii mwombe radhi na umwambie anaye ndugu, hata kama ngozi hutoi. Jumapili mkitoka kanisani mweleze Gadiel kabla jirani hajakuwahi. Akiondoka utalia, na nakuonea huruma kweli, lakini utakuwa umeepuka kumficha kaka yako maisha yako yote. Akibaki, wazee wake warudi hapo nyumbani, baba mdogo asogee pembeni, na posa ipokelewe upya na Aminiel.