Kitambulisho cha Ng'ambo

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua duka saa mbili. Magunia ya mchele nje, mzani juu ya stuli, kama kawaida. Baridi ya kukata masikio na vumbi juu. Wateja wa Zambia wamewahi, wananisengenya kwa Kibemba wakidhani sisikii. Nasikia yote. Nimekulia Nakonde mimi, ng'ambo ya Tunduma hapo tu.

Fomu ya pasipoti nimemaliza kuijaza. Chuo cha Uturuki kinataka nakala ya pasipoti mwisho tarehe 15 Agosti. Isipofika, nafasi yangu ya uhandisi wa umwagiliaji anapewa mwingine, na ufadhili unaondoka nayo. Wameandika hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Swali moja limenikwamisha. Umewahi kupewa kitambulisho cha uraia wa nchi nyingine? Nimeandika Hapana.

Ninacho. Kile cha kijani, cha Zambia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, likizo, niko kwa Mama Mkubwa Beti, dada yake Mama. Waandikishaji wakaja kule kwao. Mama Mkubwa akatubeba wote, binti zake wawili na mimi, akasema hawa ni wanangu. Angesemaje? Alinichukua nikiwa natambaa, akanirudisha nimefika darasa la tatu. Kwetu hakuna mtu anayesema huyu ni mtoto wa dada yangu. Ni mtoto wako, basi. Na hapa mpakani kuwa na viwili hakumshangazi jirani. Unavuka kuuza unatoa kimoja, ukirudi unatoa kingine.

Kipo kabatini chini ya kanga. Kikae huko huko.

Jumanne, 24 Juni

Uhamiaji wamepiga simu. Mahojiano keshokutwa, Vwawa, nije na mzazi mmoja. Baba ana sare za shule za kushona, cherehani haipumui. Ataenda Mama.

Mama ameanza kukusanya karatasi kana kwamba tunahama. Kadi ya kliniki. Cheti cha ubatizo. Ripoti za shule za msingi, jamani, na ile niliyoshika nafasi ya arobaini na moja. Nimemwambia vinatakiwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake tu. Hanisikii. Anasema mficha uchi hazai, kwenye ofisi za watu unakwenda na kila kitu wasije wakakurudisha. Nimeacha abebe. Nimechoka kubishana naye.

Alhamisi, 26 Juni

Sina hamu.

Afisa alikuwa mtu wa taratibu, ametukaribisha viti. Akaniuliza nimesoma wapi, baba mwenyeji wa wapi. Najibu vizuri. Akamuomba Mama kitambulisho chake. Mama badala ya kutoa kimoja akamwaga mkoba mzima mezani. Kadi ya kliniki, ubatizo, nafasi ya arobaini na moja, na juu ya yote kitambulisho changu cha kijani. Alikitoa chini ya kanga. Alikiona asubuhi akafikiri nimekisahau.

Na akasema, kwa fahari kabisa, mwanangu ana vitambulisho vyote, hata vya ng'ambo.

Afisa amekishika. Amesoma mbele, amesoma nyuma. Akafungua fomu yangu kwenye ile Hapana, akaweka kidole. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Ameuliza tu, "Binti, wewe ni wa wapi?"

Nimesema Chapwa, Tunduma. Sauti imetoka kama ya mtu anayedanganya.

Faili limewekwa pembeni mpaka uchunguzi ukamilike. Na nisivuke mpaka kwa njia yoyote mpaka lifungwe.

Njiani Mama ananiuliza kwani kimeharibika nini. Kwani kimeharibika nini! Nimegeukia dirishani mpaka Tunduma.

Ijumaa, 27 Juni

Sijaongea na Mama. Ameniwekea chai, nimeipita. Ana haki gani ya kuingia kabatini mwangu? Mtu nimehangaika mwaka mzima, mitihani ya Kiingereza, barua za walimu, insha nimeandika mara saba. Mama anakuja kumaliza yote kwa kumwaga mkoba. Nimepima mchele leo mpaka mikono imekufa ganzi. Mteja mmoja amesema nimenuna kama nimefiwa. Nimemwambia achukue mchele wake aende.

Jumapili, 29 Juni

Aibu juu ya aibu. Kanisani Mama amesimama kwenye maombi maalumu. Amesema mwanangu ana jaribu la karatasi, shetani amefunga pasipoti yake, naomba mniombee. Usharika mzima umenigeukia. Akina mama wamenishika kichwa. Shetani gani? Si ni wewe na mkoba wako?

Jumatano, 9 Julai

Nimeitwa tena Vwawa. Nimeenda peke yangu, na karatasi zile tu zinazohitajika.

Afisa amenieleza pole pole. Anasema bahati yangu nilikuwa chini ya miaka kumi na nane, na kile kitambulisho kilipatikana kwa maelezo ya uongo. Kwa hiyo aliyetoa maelezo ndiye ayafute. Anataka barua kutoka Zambia kwamba kitambulisho kimerudishwa. Anataka barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa Baba, Ileje. Na anataka kiapo cha Mama Mkubwa, mbele ya wakili, kwamba alidanganya na mimi si mtoto wake.

Nimeandika yote kwenye daftari. Hilo la tatu nimeliandika mwisho, herufi ndogo.

Siku zimebaki thelathini na saba.

Jumamosi, 12 Julai

Itumba, huko Ileje, na Baba, tangu juzi. Milima, ukungu, baridi mara mbili ya Tunduma. Mtendaji hakuwepo juzi, jana alikuwa kwenye kikao, leo tumemfuata mpaka shambani kwake. Yuko kwenye viazi, magoti yote udongo. Alimjua babu yangu, alimjua hata baba wa babu. Ameandika barua hapo hapo, akaenda kugonga muhuri ofisini na mabuti ya shamba. Barua moja. Siku tatu.

Kwenye gari la kurudi nimemlaumu Mama njia nzima. Mkoba, kabati, kanisa, vyote. Baba haongei sana. Ameniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama yako alitoa karatasi. Uongo uliuandika wewe."

Akalala. Yaani akalala kweli, kofia usoni.

Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa kuwa ni kweli. Nilijua. Nilipoandika Hapana nilijua, na kitambulisho nilikificha kwa sababu hiyo hiyo. Mama hakujua kuna kitu cha kuficha. Hakuna aliyemwambia. Mimi sikumwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekunywa chai ya Mama. Nimemwambia kosa lilikuwa langu. Ameniuliza kama naweka sukari. Basi.

Mama amempigia dada yake, ameweka simu wazi nisikie. Amezunguka sana, habari za kuku, habari za mvua ambayo haipo. Mwishoni akasema kinachotakiwa. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha Mama Mkubwa akasema sawa, lakini ngojeni kwanza nimalize kuvuna.

Kuvuna! Siku zinakimbia mimi nangoja mahindi.

Jumapili, 20 Julai

Bado anavuna. Nimempigia mwenyewe, hapokei. Binti yake mdogo amepokea, akasema mahindi yalishaingia ndani toka juzi. Mama yake yuko, amekaa tu.

Nimeelewa. Na bado nimetaka kupiga kelele. Nafasi ni moja, jamani. Kwani ni maneno tu kwenye karatasi, nani hajui ukweli? Nimeyasema hayo kwa Mama. Mama akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 24 Julai

Amekuja. Amevaa gauni la kitenge la sherehe na viatu vya kufunga. Ana barua kutoka ofisi yao, kile kitambulisho Mama alichompelekea ameshakirudisha. Hakunikumbatia. Tumesalimiana kwa mikono kama wageni wa msibani.

Wakili ana chumba kimoja nyuma ya soko. Kiapo kilikuwa kimeshachapwa. Mama Mkubwa Kiswahili chake ni cha biashara, cha kusoma kinamchelewesha. Amekataa kusomewa. Ameweka kidole kwenye kila mstari. Amefika kwenye sentensi inayosema, "Sikumzaa na si mwanangu." Amesimama hapo.

Amemuomba wakili aache kipande cha kwanza, akate cha pili. Amesema cha kwanza ni kweli, hakunizaa, anayenijua anajua. Cha pili kwa nini?

Wakili akasema, "Mama, hicho cha pili ndicho wanachokitaka."

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kusema acha, tutatafuta namna. Sikusema. Niliangalia saa ya ukutani. Nilikuwa nawaza basi la Vwawa, kama nitaliwahi.

Amesaini. Mama alimwandalia kuku nyumbani. Hakuja kula. Ametoka kwa wakili moja kwa moja mpaka mpakani, anatembea katikati ya malori bila kugeuka. Nimesimama kwenye kona. Siruhusiwi hata kumsindikiza.

Basi nililiwahi.

Jumatatu, 11 Agosti

Vwawa mara ya nne toka nipeleke kile kiapo. Faili liko kwenye foleni ya uhakiki. Afisa amenionyesha lilipo, kwenye rundo, kamba nyeupe. Liko la ngapi sijui. Anasema wapo waliotangulia, nao wana haraka zao. Hana kosa. Ningetamani awe nalo.

Nimewaandikia chuo kuomba wiki tatu. Nimeandika kwa adabu zote ninazozijua.

Jumatano, 13 Agosti

Wamejibu. Wanasikitika. Tarehe ni hiyo hiyo kwa wote.

Ijumaa, 15 Agosti

Duka limefunguliwa. Mchele umeuzwa. Simu nimeweka kwenye droo, sikutaka kuona saa zinavyokwenda. Saa kumi na mbili jioni nikaitoa. Hakuna kitu.

Imekwisha. Mtu mwingine kokote aliko sasa anaruka ruka na mama yake. Nimepiga teke gunia, kidole kimevimba. Mama hakusema shetani, hakusema Mungu ana mpango. Amekanda kidole kwa maji ya chumvi, akanyamaza. Nilimshukuru kwa huko kunyamaza, moyoni, sio kwa mdomo.

Jumamosi, 23 Agosti

Toka Mwezi wa Saba Mama Mkubwa hajavuka. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kuchukua mchele wake, anakaa kwenye stuli ya mzani, anatukana wateja wangu kwa Kibemba mpaka wanacheka. Sasa anamtuma jirani. Nimempigia. Anapokea, anaitikia vizuri, anauliza afya, anasema ana kazi kidogo.

Wala sina cha kumwonyesha kwamba kile kiapo kilifaa kitu. Angalau ningekuwa naondoka. Ningeweza kumwambia, ona, ndege hiyo pale kwa sababu yako. Ameapa bure. Hili linaniuma kuliko Uturuki.

Jumatano, 3 Septemba

Pasipoti imetoka.

Nimesaini, nimepewa, imekwisha kwa dakika tano. Jalada gumu, harufu ya gundi. Mahali pa kuzaliwa Chapwa. Afisa amenipa hongera, akaniambia faili limefungwa, naweza kwenda popote. Popote! Nimecheka, akacheka naye bila kujua ninachokicheka.

Maombi ya mwaka ujao yanafunguliwa Januari. Insha naijua kwa kichwa. Nitaandika tena. Leo hapana, leo sina nguvu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nimeenda mpakani. Kuna vichochoro vya kupitia, navijua tangu utoto, huko hakuna anayeuliza karatasi. Leo nimepita kwenye jengo la uhamiaji. Nimepanga foleni nyuma ya madereva wa malori, kwa pasipoti yangu. Kila kitu kinafanyika kwenye jengo hilo moja. Dirisha la kwanza wamenigongea muhuri wa kutoka Tanzania. Ukurasa wa kwanza kabisa, na naenda mahali ninapopaona kutoka dukani.

Dirisha la pili, afisa wa Zambia, kijana, ameniuliza kwa Kiingereza nitakaa siku ngapi. Nimesema narudi jioni. Akauliza naenda kwa nani.

Nimesema kwa mama.

Akagonga muhuri.

Nimemkuta uani anapepeta maharage. Ameniona toka getini, ungo haukusimama. Amesogea kidogo kwenye mkeka. Nimevua viatu, nikakaa.