Umbali Usioandikwa Kwenye Bango

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo, wewe na mdogo wangu? Na goti lako, lilivumilia saa kumi na sita za kukaa? Mimi ni mzima, ila nyumba imepooza tangu uondoke. Hata cherehani yako nimeifunika nisiione.

Picha ya mjukuu wako nimeiona. Kichwa ni cha baba yake, hakuna ubishi, lakini mdomo ni wako. Atakayekuwa mwalimu wake ajiandae.

Kila ukinipigia simu unaniuliza kama nimeshamjua mtu aliyekushusha kwenye ile safari ya kwanza, ukaja kufika kwa safari ya pili, mtoto keshafikisha siku mbili. Ngoja nikueleze kwa kituo, maana kwenye simu hunipi nafasi.

Unajua kazi yangu ni kupanga safari za ndege: njia, uzito, mafuta. Bila saini yangu na ya rubani, ndege hairuki. Sasa mabango yote mjini ya kutangaza njia hii mpya yaliandikwa kilomita elfu kumi na tatu na mia nne, bila kutua popote. Huo ni umbali wa kunyoosha uzi kutoka uwanja wa huku hadi wa huko uliko. Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka mbele, na njia ya kuukwepa iliongeza kilomita karibu mia saba. Wewe ni fundi, mteja mwenye kiuno cha inchi thelathini humkatii kitambaa cha inchi thelathini.

Mkuu wangu hakutaka kusikia habari ya kutua njiani kuongeza mafuta. Wakubwa na waandishi wa habari walishapanda. Nikamwambia basi tupunguze uzito. Tukatoa mizigo, haikutosha. Wanaofuata, kwa utaratibu wetu, ni jamaa wa wafanyakazi wanaosafiri kwa tiketi za upendeleo. Walikuwa tisa. Nikaanza kuwakata kwenye orodha, mmoja mmoja.

Mkuu akainama, akaninong'oneza kwamba jina la tatu naweza kuliruka, mama mmoja hamalizi mafuta ya ndege. Nikamjibu, "La nne ni mama mkwe wa fundi wa redio. Nikimwacha wa kwangu, huyo namshushaje?"

Ndiyo, Mama. Ni mimi. Uliponipigia kutoka uwanjani ukilia kwa hasira, nami nikakuitikia kwamba watu hao hawana haya, nilikuwa ghorofani, kalamu bado mkononi. Kukushusha sijutii. Uongo ule ndio unaoniuma, nisamehe.

Rubani aliporudi alinifuata ofisini. Upepo ulikuwa mkali kuliko ulivyotabiriwa, akatua amebakiwa na mafuta ya dakika nne tu juu ya akiba ya lazima. Alinipa mkono mbele ya wote, mkuu akiwemo. Sikufichi, nilivimba kichwa siku nzima.

Najua nilikunyima kumpokea mjukuu wako, na siku ile hairudi. Nikasirikie utakavyo. Ila ukiulizwa huko binti yako mkubwa anafanya kazi gani, usiseme tu yuko kwenye mambo ya ndege. Sema ndiye anayeamua nani apande, na hata mama yake hakupona.

Nisalimie mdogo wangu, na mtoto nibusie. Barua hii anakuletea rubani mwenyewe. Usimgombeze, yeye alisaini baada yangu.

Ni mimi,
Mkubwa wako