Muhuri Juu ya Kila Ukurasa

Shangazi,

Sauti ya droo yako haijanitoka. Ile ya tatu kutoka juu, nzito kwa kadi, uliyokuwa ukiifunga kwa kiuno kwa sababu mikono yako ilikuwa imejaa vijitabu. Inakwaruza kidogo, inasita, halafu inagonga mbao. Miaka minne niliisikia kila siku kutoka meza ya pili karibu na dirisha na sikuwahi kuifikiria. Sasa naisikia nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Mwananyamala, naisikia nikisuka nywele. Nikigeuka hakuna kitu.

Habari za nyumbani kwanza, maana ungeniuliza hizo. Arobaini yako ilisomwa vizuri, watu walikuwa wengi kuliko mabakuli. Baba anajua, ila bado anakutaja kana kwamba umetoka kwenda sokoni. "Zuhura hapendi tangawizi nyingi," anasema, na chai inawekwa tangawizi kidogo. Hatumsahihishi. Mie ndiye ninayelala kitandani kwako tangu ulipoondoka, na shuka lako la zambarau nimelifua mara moja tu.

Habari za kazini ndizo zinazonitia kinyaa. Nimekaa nazo tumboni mwaka mzima.

Kituo chetu cha nyaraka za afya pale Kinondoni usingekitambua. Chumba chako kimepakwa rangi ya krimu na kuwekwa zulia. Kabati la kadi lilitolewa na watu wawili wakati wa chakula cha mchana, na mie nilikuwa nakula. Kadi zenyewe zilikwenda mapokezi. Ule upande wa nyuma usioandikwa wanaandikia namba za simu na oda za soda. "Bi Zuhura katuachia karatasi za mwaka mzima, Mungu ampe pepo," aliniambia Sada wa mapokezi, na alisema kwa wema kabisa, huku akiandika "Fanta mbili, Koka tatu" mgongoni mwa mwandiko wako.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Kila kijitabu kadi tatu: ya kwanza jina lake, ya pili aliyekiandika, ya tatu maswali ya anayekitafuta. Ofisi nyingine zote ziliishia kwenye mbili. Ulinikalisha karibu na mlango wiki nzima, nisifanye kitu kingine ila kusikiliza neno la kwanza analosema mgeni akiingia, kabla hajajikaza na kuanza kuongea kisomi. Siku moja niliandika kwenye kadi ya tatu "shinikizo la damu wakati wa ujauzito", nikajiona nimeweza. Ukaichana vipande viwili bila hasira. "Nani aliyesema hivyo pale mlangoni? Yule mama alisema, mkwe wangu kavimba uso na kichwa kinamgonga. Andika hivyo hivyo. Anayetafuta hajui jina la kitu, angelijua asingekuja."

Ndivyo ulivyokitengeneza na kijitabu chako mwenyewe, *Mwahishe*. Dalili zote za mjamzito ambaye hapaswi kusubiri kesho, kwa maneno ya wakunga na wauguzi uliokaa nao chini miaka na miaka, ukayapiga chapa kwenye stensili za kudurufia mpaka vidole vikawa na wino wa bluu usiotoka. Hukuwahi kukiita kitabu. Ulikiita "zile karatasi".

Sasa sikiliza kilichofuata.

Miezi mitatu baada ya wewe kuondoka, Mkurugenzi alirudi kutoka kwenye semina akiwa na neno jipya: tovuti. Kila kituo kilichokuwa na wafadhili kilikuwa nayo au kilikuwa mbioni kuipata. Wewe uliondoka kabla laini ya simu haijafungwa kwenye kompyuta, kwa hiyo nikueleze. Tovuti ni kurasa ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta na simu anaweza kuzisoma, awe Tandika au Norwei. Na huko kuna mitambo ya kutafuta, ambayo kazi yake ni ile ile uliyokuwa ukiifanya wewe. Inapita tovuti moja hadi nyingine, inasoma maneno ya kwenye kurasa, inayatunza. Mtu akiandika swali lake, inamletea orodha ya kurasa zenye maneno hayo. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilisema moyoni, Shangazi kapata droo kubwa.

Aliyenieleza ni Deo, fundi wa kompyuta anayetoka Temeke mara mbili kwa wiki. Ndiye pia aliyenionya. Mkurugenzi hakutaka maneno ya vijitabu yaandikwe kwenye kurasa zenyewe. Alitaka kila kijitabu kiwe faili la kushusha: msomaji abonyeze, alivute lote mpaka kwenye kompyuta yake, ndipo alifungue. Na alitaka kila ukurasa upigwe muhuri wa kituo na kutiwa sahihi yake kabla ya kuingizwa. "Waraka usio na muhuri ni gazeti la kufungia nyama," alisema kikaoni. "Mtu akiutoa mashineni huko Songea, ajue umetoka kwa nani." Watu wakaitikia kwa vichwa. Sie wote tumekulia kwenye madirisha ya ofisi, tunajua uzito wa karatasi iliyogongwa. Hakuna aliyeona ajabu. Na mie sikuona ajabu, hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Deo aliona. Alinivuta pembeni. "Sista, mkigonga mihuri halafu mkazipitisha kwenye skana, mnatengeneza picha. Ule mtambo haujui kusoma picha. Na mafaili ya kushusha yenyewe kwa sasa haufungui, unayapita kama bahasha iliyogundishwa. Utaona jina la bahasha tu. Na mmeziitaje?" Nikamwambia. Zilikuwa zinaitwa Waraka 1, Waraka 2, hadi Waraka 64. Akacheka, kicheko cha mtu anayeangalia ajali ya mbali. "Basi hapo hata bahasha haina anuani."

Nilimsikia, nikaelewa, na nikarudi mezani kugonga muhuri.

Wiki tano, Shangazi. Nilifungua pini za vijitabu, nikagonga ukurasa baada ya ukurasa, nikavipeleka ofisini kwake avisaini, nikavirudisha kwenye skana. Wino wa muhuri ni wa zambarau na unanuka kama dawa ya viatu. Ilipofika zamu ya *Mwahishe* ilikuwa jioni ya Alhamisi, nilikuwa nimechoka, mkono unakwenda wenyewe. Kwenye jalada niligonga bila kuangalia. Muhuri ulikaa juu ya jina lako. Linasomeka "Zuh", halafu duara, halafu sahihi ya mtu ambaye hakuwahi kukifungua. Nilikiangalia kwa muda. Ningeweza kutafuta nakala nyingine ya jalada stoo. Stoo ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo kaondoka, na mie nilitaka kwenda nyumbani. Nikakiweka kwenye skana. Kikawa Waraka 17.

Siku ya uzinduzi walikodi viti vyenye vitambaa. Ukurasa wa kwanza wa tovuti ulikuwa na picha ya Mkurugenzi akiwa na tai nyekundu, na maneno yake ya kuwakaribisha wageni, marefu, yenye "utandawazi" mara nne. Chini yake ndipo zilipojipanga "Bonyeza hapa" sitini na nne. Watu walipiga makofi. Nilikula sambusa mbili. Naandika hilo ili nisijifanye nilikuwa nalia chooni.

Halafu akaja Rehema.

Rehema ni muuguzi msaidizi kwenye zahanati moja upande wa Kimbiji, binti wa rika langu, miguu imejaa vumbi la njia mpaka magotini. Aliingia asubuhi, na neno lake la kwanza pale mlangoni, nililisikia kwa sababu bado nasikiliza, lilikuwa: "Mie natafuta zile karatasi za kumwahisha mama." Kisha akanisimulia yaliyompata. Zamani walikuwa na nakala, mchwa wakaila. Mkubwa wake alikuwa masomoni, yuko peke yake na mhudumu wa usafi. Akaja mjamzito aliyevimba uso na mikono, anasema anaona nyota mchana. Rehema alijua kuna kitu, hakujua ni haraka kiasi gani. Akampa dawa ya maumivu, akamwambia apumzike. Kesho yake alikuwa na safari ya mjini kuchukua dawa, akapitia kwenye duka la kompyuta, akamwomba kijana wa pale amwandikie: mjamzito kavimba uso kichwa kinamgonga. Maneno ya kadi yako, Shangazi, karibu neno kwa neno, na hajawahi kukutana nawe. Mtambo haukumletea kitu cha Kiswahili. Akaandika jina la kituo chetu. Ukamletea tai nyekundu. Akabonyeza waraka mmoja, akabonyeza wa pili, kila faili ni zito kwa zile picha, linashuka tone kwa tone, mpaka saa aliyolipia ikaisha na la tatu halijafunguka. Hakujua ni la ngapi alilolitaka. Angejuaje?

Aliporudi, yule mama alikuwa ameshaanza degedege. Walimpeleka hospitali kwa gari la mchanga. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sisemi *Mwahishe* kingemwokoa. Labda njia ingekuwa ile ile na gari ni lile lile. Ninasema alikuja kutafuta kwa maneno sahihi, kitu kilikuwepo, na mie ndiye niliyekifungia. Nilimpa nakala ya stoo. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, na ile shukrani yake nilitamani kuitema.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi siku ile ile. Nilimweleza yote, na kuhusu mtambo na picha na bahasha. Alisikiliza akiwa anazungusha kalamu. "Mwanahamisi, faili lipo au halipo?" Nikasema lipo. "Basi sie tumetimiza wajibu. Kutafuta ni kazi ya anayetafuta." Halafu akalainika, na kule kulainika kwake kulinuka kuliko wino. "Najua bado una msiba. Shangazi yako alikuwa mama wa kadi, tulimheshimu. Dunia sasa ni ya kompyuta." Akaniambia naweza kuchagua picha yako nzuri, waiweke kwenye tovuti na maua pembeni.

Nilisema ahsante. Kinywa kina mazoea yake. Nilikwenda kunawa mikono mara mbili.

Kuanzia siku hiyo nilibaki ofisini kila jioni saa moja zaidi. Nilikipiga chapa *Mwahishe* chote upya, maneno kama maneno, kwenye kurasa zenyewe za tovuti, hakuna cha kushusha. Kila dalili nimeipa ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa nimeweka swali lake kutoka kadi ya tatu. Kadi zako za *Mwahishe* nilizidai kwa Sada, akanipa. Moja ilikuwa na namba ya fundi bomba mgongoni. Pale uliposema "usimpe uji, mpe usafiri" sijagusa herufi. Jina lako nimeliandika kamili, na la bibi yako pia, kama ulivyokuwa ukipenda kuitwa. Faili la zamani nimeliacha palepale kwa anayetaka mihuri. Neno la siri la tovuti ninalo kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikiingiza, hakuna aliyewahi kufikiria kunikataza. Deo aliniangalia nikiweka ukurasa wa mwisho. "Utafukuzwa, sista," alisema, akanisogezea kiti kizuri.

Mtambo ulichukua majuma kadhaa kupita. Jumanne iliyopita niliandika maneno ya Rehema. Ukurasa wako ulikuwa wa kwanza.

Mkurugenzi alijua Jumatano. Mfadhili mmoja alimwandikia kukusifu wewe, akauliza kwa nini vijitabu vingine havisomeki vivyo hivyo. Alinipa mpaka Ijumaa saa sita niziondoe kurasa "zisizo rasmi". Alisema neno rasmi huku akigonga meza kwa kidole.

Shangazi, najua ungeogopa. Ungesema kazi hazipatikani, watu wanapunguzwa kila kiwanda, baba yako mzee. Nimeyasema yote hayo mwenyewe, kwa sauti yako.

Lala. Sitakusumbua tena kwa habari za ofisi. Nakuahidi nitaendelea kukaa karibu na mlango, popote patakapokuwa na mlango, na kuandika walivyosema.

Leo ni Jumamosi. Jana saa tano na nusu nilimwekea mezani muhuri, funguo, na barua yangu ya kuacha kazi, sahihi moja, ya kwangu. Kurasa sikuziondoa. Akiziondoa yeye haitasaidia kitu, kwa sababu Alhamisi, Baba akiwa ametoa idhini kama mrithi wako, niliwapelekea nakala wakunga wa chama kimoja cha Temeke ambao Deo anawatunzia tovuti, na jana hiyo hiyo jioni walikuwa wameshaziweka. Jumatatu nakwenda kwao. Hawana mshahara wa kunipa bado. Wana vijitabu kumi na tisa kwenye sanduku, na nimeshakifungua cha kwanza.

Binti wa kaka yako,
Mwanahamisi