Mzee wa Meza ya Jumamosi

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka hadi kucha. Leo ilikuwa siku ya meza. Mara moja kwa mwezi tunatoa meza na viti nje ya ofisi, tunafunga turubai, na yeyote asiyeweza kumlipa wakili anakuja kuuliza. Foleni ilifika hadi kwa fundi viatu. Talaka, mirathi, mwajiri aliyeingia mitini na mishahara ya watu, halafu majirani wawili na jogoo wao. Jogoo! Nimetoa ushauri wa jogoo kwa uso mkavu kabisa. Bi Mkubwa — ndivyo tunavyomwita mkurugenzi wetu, mbele yake na nyuma yake — ilibidi aondoke akachekee ndani.

Mwisho kabisa alikuja mzee mmoja wa kofia ya sufu. Kikohozi kibaya, ndala zimeliwa kisigino. Nilikuwa nimeshaanza kukunja turubai. "Binti yangu, sitakuchelewesha," akasema. Basi nikakaa. Ana nyumba, ina watu, anataka watoke, hawatoki. Nilidhani ni kachumba ka uani. Nikamweleza: asiwatoe kwa nguvu, awape notisi ya maandishi, aseme sababu, awape muda, kisha aende mahakamani mwenyewe kabla wao hawajaenda. Nikajisikia vizuri. Afadhali mwenye nyumba anayeuliza kuliko anayeng'oa mabati na watoto wamo ndani! Nilikuwa sijamaliza, simu yake ikalia. Akainuka, akaniombea dua, akaenda zake.

Kwenye rejesta nimeandika tu "mzee, nyumba". Nitajaza Jumatatu.

Jumanne, 18 Machi

Kesi mpya. Na nzito.

Walikuja watu wa ua mmoja, kundi zima, viti vikaisha. Anayewasemea ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Wenzake wanamwita Mama Pacha. Ni mfuaji. Anafulia nguo za watu palepale uani — bomba lipo hapo, kamba zipo hapo, wateja wanamjua hapo. "Wakinitoa nyumba wamenitoa na kazi," akasema. "Nitafulia wapi, barabarani?" Mwenye nyumba anataka wote watoke ili ajenge maghala. Ameshafungua kesi. Inasikilizwa tarehe 2 Aprili.

Mwenye nyumba mwenyewe hawamjui kwa sura. Miaka yote wameonana na dalali tu. Jina lake liko kwenye karatasi za mahakama.

Hapa ofisini tuna sharti moja lisilo na mjadala: majina kwanza, kisa baadaye. Mtu hafungui mdomo kueleza shida yake mpaka karani apekue rejesta aone kama upande wa pili tumewahi kuushauri. Ukishamshauri mmoja, mwenzake humchukui. Huwezi kusimama upande wa huyu na wa yule. Karani akapekua. "Huyu hatumjui." Nikasaini. Mama Pacha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ina baridi na mikunjo ya maji, hakuniachia mpaka mlangoni.

Nina furaha na woga. Ndivyo nilivyo kila nikipata kesi ninayoitaka.

Ijumaa, 21 Machi

Siwezi kuandika sawasawa. 

Nilikwenda kuona ule ua. Notisi imebandikwa getini, moja kwa wote, imeshaanza kuchanika. Nikagonga. Akanifungulia mzee wa kofia ya sufu.

Yeye! Ndala zilezile!

"Aa, wakili wangu!" akasema. Alikuwa amekuja na fundi kupima kiwanja. Ndiye mwenye nyumba. Ndiye mwenye ua mzima, na nadhani na nyua nyingine. Mama Pacha alikuwa kule kwenye kamba zake, hakusikia. Nilimwambia mzee samahani, nimekosea nyumba. Nimekosea nyumba! Mtu mzima na mkoba wa ofisi! Nikageuka nikatembea upesi mpaka nikapita kituo bila kujua.

Nimesoma tena nakala ya notisi. Sababu, muda, utaratibu. Yote niliyomfundisha yamo, kwa mpangilio uleule.

Jumamosi, 22 Machi

Sijala. Mama ameuliza kama nina mimba. Nikasema sina. Akasema basi ni kazi, na kazi isiyonenepesha mfuko isinikondeshe mwili. Nikacheka kidogo, halafu nikaenda bafuni nikalia, maji yakiwa wazi ili asisikie.

Kama ningeuliza jina. Jina tu. Karani angeliona Jumanne ileile, tungewaambia tafuteni kwingine mapema, wangekuwa na muda. Na ile Jumatatu ya kujaza rejesta sikuijaza.

Nikinyamaza, nani atajua?

Mzee atajua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Bi Mkubwa. Nilifunga mlango kwanza, akajua ni habari mbaya.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya zaidi. Alivua miwani, akasugua macho. Akasema nimechomwa. Ni neno letu la ofisini: mwenye nguvu anakuja kwenye meza ya maskini, anajifanya mnyonge, anamwaga kisa chake, anapata ushauri. Siku hiyohiyo amewanyima wapinzani wake wakili, maana sisi ndio pekee wa bure mji huu. Nikasema labda hakukusudia, labda kweli ni mzee tu na kikohozi. Akasema kwa wale wapangaji hilo halibadilishi kitu.

Najitoa kwenye kesi leo. Na sitakiwi kuwaambia kwa nini. Kwamba mzee alikuja kwetu ni siri yake, imelindwa kama ya mteja mwingine yeyote. Nikamuuliza Bi Mkubwa: hata kuwaambia nimekosea? Akasema ukisema umekosea watauliza umekosea nini.

Jumanne, 25 Machi

Nilianza kuwapigia simu, halafu nikaona ni woga, nikaenda mwenyewe. Nikasimama getini, sikuingia.

"Kuna sababu za kikazi," nikasema. Wallahi hata mimi nilisikia jinsi inavyonuka.

Mama Pacha alikuwa na povu hadi viwiko. Akauliza ni sababu gani. Nikasema siruhusiwi. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Siruhusiwi. Mwanamume mmoja nyuma yake akasema mbona iko wazi, huyu katiwa mfukoni. Wengine wakaguna. Mama Pacha hakuguna. Aliniangalia tu, akasubiri nikatae. Ningekataa vipi bila kusema lililobaki? Nikasema nitawatafutia wakili mwingine. Akarudi kwenye beseni lake.

Sijawahi kuchukua hata soda ya mteja. Nimekasirika! Nimewakasirikia wao, halafu yule mzee, halafu nikafika kwangu na hasira ikaishia hapo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempata wakili! Tulimwita Mtanashati chuoni, tulisoma naye, sasa ana ofisi yenye kiyoyozi na tai za kila rangi. Atawasimamia bure. "Niamini, dada yangu," akasema, huku anaandika kitu kingine. Nimempa faili.

Ila kuna jambo. Siku ile ya meza simu ya mzee ililia nikiwa sijafika mwisho. Mwisho wenyewe ndio huu: kila mpangaji lazima apewe notisi yake mkononi. Ya kubandika getini haitoshi, hakimu anaitupa. Mzee hakulisikia hilo. Akabandika moja getini. Kwa hiyo kesi yake ina tundu, na ninalijua hasa kwa sababu najua nilipokatizwa.

Je, nimwambie Mtanashati?   Nikimpa silaha dhidi ya mtu niliyemshauri, nimefanya kilekile nilichojitoa ili nisikifanye. Ataliona mwenyewe. Jambo lenyewe liko kwenye vitabu, mtu yeyote akisoma faili vizuri ataliona.

Akisoma.

Jumapili, 30 Machi

Nimempigia Mtanashati. Hapokei. Ametuma ujumbe: "Relax, liko kichwani."

Mama kanitengenezea uji. Nimeunywa wote ili asinitazame.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika hapa mahakamani, kwenye korido, ili mikono iwe na shughuli.

Nilikuja kama mtu wa kawaida. Nikakaa nyuma. Watu wa ua walikuwa wamevaa nguo zao nzuri, zimepigwa pasi zikasimama — kazi ya Mama Pacha bila shaka. Wakaniona. Hakuna aliyenisalimu. Mzee yuko upande wa pili, leo kavaa viatu vya ngozi, na ana wakili.

Mtanashati hayupo. Ujumbe umeingia: kakwama kwenye kesi nyingine, mji wa pili, niombe iahirishwe. Niombe mimi!

Kesi ikaitwa. Hakimu akawauliza kama wana wakili. Mama Pacha akasimama, akatazama mlangoni, akasubiri, kisha akageuka akaninyooshea kidole. "Tulikuwa na huyu." Hakimu akaniuliza, unawawakilisha au huwawakilishi? Nikasimama. Nikasema hapana, mheshimiwa, wakili wao amekwama, naomba wapangiwe siku nyingine. Wakili wa mzee akaruka: mtu asiyewawakilisha anawaombeaje? Kweli kabisa. Hakimu akasema basi wajisemee wenyewe, anamaliza kesi ndogo kisha anawaita. Leoleo anaamua.

Tukatoka koridoni. Wao benchi lile, mimi hili.

Na mzee akaja. Akapita mbele yao wote, akanipa mkono, akakohoa, akasema kwa sauti, kwa furaha kabisa: "Ahsante sana, binti yangu. Ile Jumamosi ulinifungua macho. Bila wewe ningewatoa kwa nguvu nikajiletea balaa." Akaniombea dua tena! Halafu akaenda kukaa kwa wakili wake. Sikuona hila yoyote usoni mwake. Labda haipo. Labda ndivyo hila ilivyo. Sijui, sijui.

Watu wa ua wote wakasikia.

Nilidhani watanirukia. Yule wa "katiwa mfukoni" alianza kusimama. Mama Pacha akamkalisha kwa mkono, akaja akaketi kando yangu. Ananukia sabuni. Akaniuliza kama ni kweli nilimshauri yule kabla yao. Mzee amesema mwenyewe, sasa siri ni ya nani? Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Akavuta pumzi ndefu. "Kumbe hili ndilo lililokuwa." Nilitaka anitukane. Ningepumua.

Akasogea karibu, akashusha ile sauti yake mpaka ikawa ya mtu mwingine.

"Basi ulichomfundisha yeye, tufundishe na sisi."

 Nimejifanya kuna kitu lazima nikiandike, ndicho hiki. Ameketi tu, haniharakishi, mikono juu ya mapaja. Mzee anatutazama kutoka kule. Bi Mkubwa angesema inuka, ondoka sasa hivi, na angekuwa sahihi. Sentensi moja. Sentensi moja tu, "mwambieni hakimu hakuna aliyepewa notisi mkononi", na usiku huu wanalala kwao.

Karani wa mahakama ametoka. Anaita majina yao. Wote wamesimama isipokuwa Mama Pacha. Anasema wakili, tunaingia, tuseme nini